Alda kwenye udongo wa peti: utie naitrojeni ya gunia, majivu, au uuache mti ujitafutie?

Jirani yangu hapa kaskazini mwa Finland amerudishiwa hekta nne. Kwa miaka mingi alizikodisha zichimbwe peti, yaani udongo wa kinamasi unaowaka, ya kuchoma kwenye mitambo ya joto na umeme. Mkataba umekwisha, mashine zimeondoka, na amebaki na uwanja mweusi, tambarare, usio na hata jani. Anataka kupanda miti ya kuni, na ameupenda mti ambao Wafini wanauita harmaaleppä, yaani alda ya kijivu (Alnus incana), kwa sababu aliambiwa hunasa naitrojeni ya hewani.

Alikuja na swali moja: atie mbolea gani? Muuza pembejeo amempa bei ya mbolea ya naitrojeni. Mtambo wa joto unaochoma vipande vya mbao uko tayari kumpa majivu kwa gharama ya usafiri tu. Rafiki yake anamwambia asitie chochote, alda inajilisha. Kila mmoja wa hao watatu ana chembe ya ukweli, ndiyo maana nimeona niweke njia hizi bega kwa bega. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi ya misitu niliamini kwamba mti unaonasa naitrojeni haudai mbolea. Kwenye peti, imani hiyo inaua shamba.

Peti ni mabaki ya mimea, hasa kuvumwani wa kinamasi (Sphagnum) na nyasi zake, yaliyolundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa kwa kukosa hewa. Karibu theluthi moja ya ardhi ya Finland ilikuwa ya namna hiyo, na karibu nusu yake ilichimbwa mifereji katika karne ya 20 ili miti ikue. Sehemu zilizokwanguliwa peti kwa ajili ya nishati ni ndogo ukilinganisha na hizo, lakini ndizo ngumu zaidi, kwa sababu kinachobaki ni tabaka la chini kabisa, la kale na lisilo na uhai mwingi.

Ukitaka kujua kwa nini, fanya hesabu. Chukua sentimita 20 za juu za peti iliyobaki. Kwa uzito wa kawaida wa peti iliyoshindiliana, hekta moja ya tabaka hilo hufika kama tani 300 kavu. Naitrojeni ndani yake ikiwa asilimia 2, umekalia kilo 6,000 za naitrojeni kwa hekta. Ni ghala kubwa. Sasa tazama potasiamu: kwenye peti kama hiyo mara nyingi haifiki asilimia 0.05, maana yake kilo 150 au pungufu kwa hekta nzima. Fosforasi nayo ni haba. Kwa hiyo jirani yangu anataka kununua kitu ambacho tayari anacho kwa tani, huku akikosa vitu viwili ambavyo hakuna bakteria anayeweza kumletea kutoka hewani.

Lakini ghala hilo la naitrojeni limefungwa. Imo ndani ya mabaki ya mimea, na mti hauwezi kuinyonya mpaka vijidudu wa udongo waozeshe mabaki hayo. Kwenye peti yenye asidi na baridi uozeshaji huo huenda taratibu sana, na hapo ndipo alda inapopata faida juu ya miti mingine.

Kinachofanyika kwenye mizizi

Fukua kwa mkono chini ya alda ya miaka mitatu, sentimita kumi tu, utakuta kwenye mzizi kitu kama kipande kidogo cha tumbawe: vidole vifupi vilivyosongamana, rangi ya chungwa iliyofifia. Hicho ni kinundu. Si kama kinundu cha maharage kinachokufa msimu ukiisha. Cha alda huishi miaka na kuongeza vidole kila kiangazi, na kwenye miti mikubwa huweza kufika ukubwa wa mpira wa tenisi. Anayeishi ndani yake si rhizobiamu wa kunde bali ni Frankia, bakteria wa nyuzinyuzi ambaye wanasayansi walifaulu kumkuza maabara mwaka 1978 tu.

Wa pwani mnamjua Frankia bila kujua jina lake. Ndugu zake ndio walio kwenye mizizi ya mivinje, na ndio sababu mojawapo ya mivinje kuweza kushika kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe kule Bamburi, Mombasa, ilipoanza kupandwa mwaka 1971. Kule tatizo lilikuwa mwamba mtupu wenye chokaa tele. Hapa tatizo ni kinyume chake, mboji tupu yenye asidi. Ukoo wa bakteria ni mmoja, ingawa aina ya mvinje haiwezi kuhamia kwenye alda.

Mgeni huyu amepewa jembe, lakini anakula sana. Kuvunja molekuli moja ya naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia hugharimu angalau molekuli 16 za ATP, ambayo ni sarafu ya nishati ya chembehai. ATP hutengenezwa kwa fosforasi, na nishati yenyewe hutoka kwenye sukari iliyopikwa na majani. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinahitaji chuma na molibdeni. Kumbuka mambo haya mawili, sukari na fosforasi, kwa sababu tofauti zote za mbolea nitakazolinganisha zinapita humo.

Naitrojeni ya gunia

Mti ukikuta naitrojeni iliyo tayari kwenye udongo, hupunguza posho ya sukari inayokwenda kwenye vinundu. Ni uamuzi wa busara kwa upande wa mti: kwa nini ulishe kibarua wakati kazi imekwisha kufanywa? Vinundu vipya hupungua, na vilivyopo hupunguza kasi. Naitreti na amonia zote hukandamiza. Kwa hiyo ukimwaga mbolea ya kukuzia kama CAN kwa dozi kubwa kila mwaka, unalipa pesa ili mti uache kufanya bure kile ulichoupandia.

Hapa lakini pana jambo ambalo watu wengi hulikosea, na ni lazima nilieleze vizuri. Swali "je, naitrojeni inapunguza unasaji?" lina majibu mawili kutegemea unapima nini. Ukipima kwa kila gramu ya mti, jibu ni ndiyo, hupungua. Ukipima kwa mti mzima, dozi ndogo mwanzoni inaweza kuongeza jumla inayonaswa, kwa sababu mche uliopata kianzio hutoa majani mengi, majani hupika sukari nyingi, na sukari hulisha vinundu vingi baadaye. Mche mchanga usio na vinundu bado, kwenye peti ambayo haijaanza kuachia naitrojeni, unaweza kusinyaa wiki za kwanza huku ukimngoja Frankia. Kijiko kidogo wakati huo kinasaidia. Gunia zima linadhuru.

Watafiti wa Uswidi walijishughulisha na swali hili hasa, baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970 kuisukuma nchi hiyo kutafuta miti ya nishati. Alda ya kijivu ilipandwa kwenye peti, vipande vingine vikatiwa naitrojeni, vingine la. Njia iliyozoeleka ya kupima ni kufungia vinundu kwenye chupa yenye gesi ya asetilini. Kimeng'enya kilekile kinachovunja naitrojeni hugeuza asetilini kuwa ethilini, nayo ethilini hupimwa. Njia hiyo ni nyepesi na nyeti, ila hukupa picha ya saa ile tu, na kasi ya vinundu hubadilika kwa joto, mwanga na mwezi. Ukisoma takwimu za unasaji, angalia kwanza zilipimwa vipi.

Kwa kiwango cha shamba, alda ya kijivu iliyostawi hunasa makumi ya kilo za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, na mahali pazuri hupita kilo 100. Linganisha na gunia la CAN la kilo 50, lenye naitrojeni asilimia 26 hivi, yaani kilo 13. Hekta ya mahali pazuri inakupa naitrojeni ya magunia manane kila mwaka. Kuna ziada nyingine: alda haivuti naitrojeni nyingi kutoka kwenye majani kabla ya kuyapukutisha. Mwishoni mwa Septemba betula zote, ile miti ya kaskazini yenye gome jeupe, zimegeuka njano, na alda bado inadondosha majani mabichi ya kijani, yenye naitrojeni yake ndani, yakaoze pale chini.

Kwa shamba la jirani yangu, naitrojeni ya gunia inashika mkia.

Fosforasi na potasiamu ya gunia

Hii ndiyo mbolea ambayo misitu ya peti ya Finland imetiwa kwa miongo. Kiasi cha kawaida ni kilo 40 hadi 45 za fosforasi na kilo 80 hadi 100 za potasiamu kwa hekta, na nguvu yake hudumu miaka 15 hadi 25. Kwa unasaji wa naitrojeni, fosforasi hufanya kazi kwa njia mbili: inaingia moja kwa moja kwenye vinundu vinavyoila kwa wingi kuliko mzizi wa kawaida, na inakuza majani yanayovilisha. Mti wenye njaa ya fosforasi kwanza hupunguza ukuaji, kisha hukosa hata haja ya naitrojeni zaidi, na vinundu hubaki vidogo.

Hatari yake ni maji. Udongo wa mfinyanzi una chuma na aluminiamu vinavyoshika fosforasi. Peti ina kidogo sana. Fosforasi inayoyeyuka upesi, kama ile ya TSP au DAP mliyozoea kupandia mahindi, hapa hupita moja kwa moja kwenye mifereji hadi mtoni na ziwani, na mwani huchanua. Ndiyo maana kwenye peti hutakiwa fosforasi inayoyeyuka polepole, kwa mfano mwamba wa fosfeti uliosagwa. Finland ina mgodi wake Siilinjärvi. Aliyewahi kutumia fosfeti ya Minjingu, ya Tanzania, kwenye udongo wenye asidi anaelewa mantiki: asidi yenyewe inalainisha mwamba kidogo kidogo.

Na chunguza lebo. Mbolea nyingi za dukani zenye fosforasi na potasiamu zina naitrojeni pia. DAP ina asilimia 18. Kwa alda hiyo ni kununua mzozo.

Majivu

Hapa ndipo ninaposimama mimi, na sifichi.

Kuni zinapoungua, naitrojeni hutoroka na moshi. Kinachobaki ni karibu kila kitu kingine mti uliokuwa nacho: kalsiamu nyingi, potasiamu, fosforasi, magnesiamu, na boroni kidogo. Yaani ni mbolea kamili kasoro naitrojeni, na hiyo ndiyo orodha ya mahitaji ya alda kwenye peti. Majivu yenye fosforasi asilimia 1 na potasiamu asilimia 2, yakitiwa tani 5 kwa hekta, yanatoa kilo 50 za fosforasi na kilo 100 za potasiamu. Umefikia kipimo cha mbolea ya gunia, na kidogo juu yake.

Halafu kuna asidi. Peti ya kuvumwani huwa na pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka asidi huzidi) karibu na 4 au chini yake, hali ambayo Frankia haipendi na vinundu hufanyika kwa shida. Molibdeni nayo hufungika kwenye asidi. Majivu hupandisha pH ya sentimita chache za juu, na hizo ndizo sentimita ambamo vinundu vinaishi kwa kuwa vinahitaji hewa. Vijidudu wa kuozesha nao huamka, na lile ghala la kilo 6,000 huanza kufunguka kidogo kidogo.

Nguvu yake ya kudumu inashangaza. Huko Muhos, karibu na Oulu, majivu ya kuni yalitiwa mwaka 1947 kwenye kinamasi cha Leppiniemi kilichotolewa maji, tani 8 na tani 16 kwa hekta. Ilikuwa misonobari, si alda, lakini baada ya nusu karne miti ya kwenye majivu ilikuwa imeongeza mbao mara zaidi ya kumi kuliko kipande kisichotiwa kitu. Ukisimama mpakani unaona msitu upande mmoja, na upande wa pili vijiti vya kinamasi vilivyodumaa.

Kasoro zipo. Majivu ya vumbi huunguza kuvumwani na humtia anayeyasambaza kikohozi na macho mekundu, kwa hiyo chukua yaliyotengenezwa chembechembe, ambayo pia huyeyuka taratibu. Yana kadimiamu, na sheria ya Finland imeweka kikomo. Dai cheti cha maabara kabla lori halijaja. Ubora hutofautiana sana: majivu ya mtambo uliochanganya peti na kuni huwa na potasiamu hafifu, na ni potasiamu uliyokuwa unaihitaji. Usinunue kwa tani, nunua kwa kilo za potasiamu zilizomo.

Chokaa peke yake? Inapandisha pH na kuishia hapo. Haina potasiamu wala fosforasi ya maana. Ipite.

Kutotia chochote

Rafiki wa jirani yangu hakukosea kila mahali. Nenda shambani na fimbo ya chuma, isukume ndani ya peti. Inazama laini kama kisu kwenye boga lililoiva, kisha ghafla unasikia mkwaruzo wa mchanga mkononi, au inakwama kwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Pima urefu. Peti ikiwa chini ya sentimita 30 hivi, mizizi itafika kwenye udongo wa madini na kujichotea potasiamu na fosforasi huko, hasa ukiwa wa mfinyanzi au tope laini. Hapo alda kweli inajilisha. Zaidi ya hapo, bila mbolea, mche hukaa kimo cha goti miaka mitano na kufa kimya kimya.

Tulipima shamba la jirani yangu kwa mistari, kila hatua ishirini. Upande wa mashariki ni sentimita 15 hadi 25. Upande wa magharibi fimbo ya mita moja ilizama yote.

Je, iwe alda kweli?

Hili ndilo swali ambalo hakuliuliza. Mshindani wa alda hapa ni betula ambayo Wafini huiita hieskoivu, ambayo hainasi naitrojeni, lakini hainunuliwi: mwaga majivu, na mbegu zinazopeperushwa na upepo huota zenyewe kwa makumi ya maelfu kwa hekta. Alda lazima inunuliwe miche, na miche hiyo iwe imepewa Frankia kwenye kitalu, kwa sababu peti iliyokwanguliwa hadi chini mara nyingi haina Frankia kabisa. Ukinunua miche yenye mizizi safi bila vinundu, umenunua betula ya bei ghali.

Uamuzi uko kwenye uwiano wa kaboni na naitrojeni, ambao maabara yoyote ya udongo hupima. Uwiano ukiwa chini ya 25, naitrojeni inaachiliwa ya kutosha. Alda pale itanywa ya udongoni na kulegeza vinundu, kama vile umeitia mbolea mwenyewe, kwa hiyo faida yake juu ya betula inayeyuka. Mbaya zaidi, kuongeza naitrojeni mahali pale kunachochea gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia mara 273 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dioksaidi. Pale panda betula, au acha ijipande. Uwiano ukiwa wa juu, 35 na zaidi, betula itaona njaa na alda itaonyesha thamani yake. Jambo moja linaiongezea alda alama popote: paa wakubwa wa huku hula betula na mierebi changa kwa pupa, alda huigusa kwa nadra.

Na pale ambapo maji yanaweza kurudishwa, sioni sababu ya kubishana juu ya mbolea. Ziba mifereji, kinamasi kirudi. Peti iliyokaushwa huoza na kuachia kaboni mwaka hadi mwaka, na hakuna kuni za alda zitakazoilipa haraka. Ukitaka mti kwenye maji, alda nyeusi (Alnus glutinosa) huvumilia miguu yake kuloa, na haitaki gunia lolote pale maji yanapoleta madini kutoka ardhi ya jirani. Nawaambia hivi pia wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na Rwanda, ambako Alnus imezoeleka kwenye matuta ya milimani: iacheni huko juu mteremkoni inakofanya kazi nzuri, msiishushe kwenye mabwawa ya mafunjo kwa kisingizio cha kurutubisha ardhi.

Jirani yangu tukamgawia hivi. Mashariki, kwenye peti nyembamba ambayo mizizi itaipenya hadi kwenye madini, hatii kitu na anaacha betula ijipande. Magharibi, uwiano ulikuja 38: alda yenye vinundu kutoka kitaluni, majivu ya chembechembe tani 5 yaliyopimwa, na naitrojeni hakuna, isipokuwa mistari miwili aliyoomba kuitia kidogo mwaka wa kwanza ili ajionee. Nikamwekea siku ya ukaguzi, katikati ya Julai ya mwaka wa pili. Atang'oa miche mitano kwenye kila kipande, akate vinundu kwa wembe. Kilicho imara na chenye rangi ya chungwa ndani kinafanya kazi. Kilicho kahawia na chenye uwazi kimekufa. Mpaka siku hiyo, muuza pembejeo asubiri.